Nimemficha Mume Wangu Barua ya Binti Yake

Mama Ketrina wa gazetini, shikamoo. Mimi ni Recho wa hapa Ruanda, Mbozi, nina jambo limenikaa kifuani miezi minne sasa, nakusihi unisome mpaka mwisho usinichukie. Mume wangu Kisimba ni Mkongo wa Pweto, vita vilipofika kwao mwaka 2000 alikimbia na mkewe na binti yao Mado wa miaka sita, mke akapigwa risasi njiani, na kwenye kivuko cha kuingia Zambia watu walivyosukumana mkono wa mtoto ukamponyoka, yeye akasombwa na watu hadi mtumbwini, mtoto akabaki ng'ambo. Alizunguka makambi ya wakimbizi ya Zambia mwaka mzima, akaambiwa mtoto alizama, ndipo akaja Tunduma kubeba mizigo, tukajuana, tukafunga ndoa, sasa tuna watoto wawili na shamba la kahawa. Ni mpole sana, ila watoto hawashiki mkono hata siku moja, huwabeba mgongoni, nikimuuliza anasema, "Mkono huu siuamini."

Sasa mwezi wa pili alikuja Yahaya, rafiki yake wa Tunduma anayepeleka mchele Zambia, Kisimba akiwa shambani, akaniambia, "Shemeji, kambini nimekuta binti, sura ya mzee wako kabisa. Mpe barua hii." Nikaifungua. "Baba, nalelewa na shangazi. Yeye anasema umekufa, mimi nakataa. Niko darasa la sita. Kiangazi hiki wanaturudisha wakimbizi wote Pweto. Kama uko hai njoo kabla. Mado."

Mama, niliificha kwenye debe la mahindi. Niliogopa akienda harudi, na akirudi na mtoto wa marehemu mke wake, mimi nitakuwa nani? Yahaya ameniuliza, "Mzee anasemaje?" nikamdanganya kwamba anajiandaa. Jumapili iliyopita Kisimba alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa maisha mafupi ya Mado, na mimi, Mama, niliitikia amina. Nifanye nini?

Recho, marahaba. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, maana mwanamke aliyeolewa na mtu wa vita huolewa na maiti zake pia, na hakuna aliyekufundisha kuishi nazo. Mara ya pili nilikasirika. Vita vilimpokonya mtoto kwa dakika moja, tena bila kumjua. Wewe unamjua, unampikia, na umempokonya miezi minne.

Usijidanganye kwamba unalinda ndoa. Yahaya ana mdomo, na siku akikutana na Kisimba utakuwa huna la kusema.

Mpe barua leo, mchana, watoto wakiwa kwa jirani. Usiseme imefika jana. Sema, "Imefika mwezi wa pili, nikaificha kwa woga." Kisha nyamaza. Akilia, akifoka, akitoka nje, usijitetee. Ana haki.

Halafu mtafuteni Yahaya awaonyeshe njia, na mchungaji wenu awaandikie barua ya utambulisho. Nenda na mumeo, watoto waache kwa mama yako. Mado akiona baba amekuja na mke aliyesafiri kumfuata, hilo swali lako la utakuwa nani atalijibu mwenyewe, huenda kwa kukununia mwaka mzima. Mvumilie.

Kiangazi kimeshaanza, Recho. Weka gazeti chini, mwite mumeo.