Debe la Dawa ya Kahawa

Ijumbi, Jumapili baada ya misa

Mjukuu wangu Kokushubira,

Huku hatujambo. Kahawa imeanza kuiva, na kaburi la babu yako pale kibanjani, katikati ya migomba, nimelipalilia. Kiti chake bado nakipangusa kila asubuhi.

Umeniandikia kwamba wataalamu wanabishana. Wengine wanasema dawa mnayopulizia maua huko shambani Arusha, hata ikiwa kidogo, yaweza kuchelewesha akili ya mtoto aliye tumboni. Wengine wanasema bado haijathibitika. Unauliza umwamini nani.

Nilipokuwa na mimba ya baba yako, babu yako alileta nyumbani debe tupu la dawa ya kahawa. Nililisugua kwa majivu mara tatu ili niweke maji ya kumwogeshea mtoto. Mama mkwe wangu akalinusa.

"Dawa hii inaua wadudu?"

"Ndiyo, Mama, lakini mdudu ni mdogo."

"Na huyo wa tumboni, sasa hivi ana ukubwa gani?"

Babu yako akachukua jembe, akatoboa lile debe. "Pole, debe," akasema, tukacheka wote.

Majirani walitumia madebe kama lile, na watoto wao wakakua. Kwa hiyo sijui kama mama mkwe alimwokoa baba yako. Najua tu kwamba sisi tulipoteza debe. Wataalamu waendelee kubishana. Wewe mwombe msimamizi akupeleke kwenye kufunga maua badala ya kupulizia, mpaka ujifungue.

Siku utakayomwogesha mtoto mara ya kwanza, nikumbuke.

Bibi yako,
Adelina