Nani Anagusa Menyu Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya Mbeya haina huruma. Vidole vimekufa ganzi, lakini menyu imesogea. Mashine ya kaunta imejaa vifupisho vya jikoni, "NDZ NYM", "MCH", na mteja anayeagiza kwa simu anaviona hivyohivyo. Atajuaje? Nimefuta. Nimeandika: ndizi za kupika na nyama ya ng'ombe. Mchicha wa nazi. Picha nimepiga mwenyewe. Menyu ni moja kwa migahawa yetu yote miwili, huu wa Soweto, hapa Mbeya, na ule wa Iringa anaousimamia wifi Atupele, dada wa mume wangu.

Jumanne, 4 Juni
Kuna mtu ameigusa. Ndizi zimerudi kuwa "NDZ NYM". Mume wangu hajui hata kuifungua. Amebaki wifi. Hajaniuliza wala kuniambia.

Nimeandika upya.

Alhamisi, 6 Juni
Tena! Na kande ameziondoa kabisa. Kande zangu, zinazojaza watu hapa Soweto. Sasa naelewa. Anataka menyu iwe yake, kesho mgahawa uwe wake. Nimemwambia mume wangu, kacheka.

"Mama Neema, dada yangu anahangaika na nyanya za Ilula, hana muda na wewe."

Kicheko hicho kimeniudhi. Wakipigiana simu ni Kinyakyusa tupu. Mimi Mbena, naambulia jina langu tu. Leo nimelisikia mara nyingi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimerudisha kila kitu. Kisha nimebadilisha nywila. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Wifi kapiga asubuhi. Sikupokea. Kapiga tena watu wakiwa wanakula. Nimeigeuza simu kifudifudi. Ajue kwamba najua.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda ibadani. Siwezi.

Gari la nazi liliharibikia Ruaha Mbuyuni. Jana wifi akaunga mchicha kwa karanga. Alitaka kubadilisha menyu, ikamkatalia. Ndipo akanipigia. Mwalimu mmoja wa kwaya pale Iringa aliagiza kwa simu. Karanga zinamdhuru, kwa hiyo alisoma kwanza. Menyu ilisema nazi. Maneno yangu mazuri. Koo likavimba, wakamkimbiza hospitali.

Mume wangu hakunigombeza. Kaniuliza tu, "Simu yako ilikuwa wapi?"

Jumatatu, 10 Juni
Iringa. Mwalimu anapumua vizuri, namshukuru Mungu. Sauti imekauka. Kaniambia, "Dada, mimi nilisoma." Nimeomba msamaha nikiwa nimesimama, kiti nilikiona lakini sikuthubutu kukaa.

Wifi nilimkuta jikoni anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Majina yako marefu, wifi. Karatasi ya oda inayakata, mpishi anabahatisha. Nikafupisha. Sikujua kwamba na wateja wanaona."

"Na kande?"

"Hapa hatupiki. Watu wanaagiza, wanakosa, wananitukana mimi."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu nipande basi. Yote yameisha. Nimemweleza nilichofanya, nywila na simu. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea na mboga. Nimevuta beseni, nikakaa nikachambua naye. Hakunifukuza.

Alhamisi, 13 Juni
Nimerudi Mbeya. Kumbe mashine inaruhusu majina mawili, fupi la jikoni na refu la mteja. Ningeuliza tu. Sasa kila mgahawa una menyu yake, na chini ya kila chakula tumeandika kilichomo. Wifi ana nywila. Hakusema asante, na sikuitarajia.

Jumapili, 16 Juni
Mwalimu ametoka hospitali. Hajaagiza tena kwetu.

Wifi hajapiga. Lakini leo nimefungua menyu ya hapa Soweto nikakuta maneno mapya chini ya sato: "Ana miiba midogo, mtoto asimamiwe." Nimesoma mara mbili. Ni kweli, anayo. Nimeyaacha.