Adhana ya Baba Katika Laptopu ya Hemedy

Nyuma ya Msikiti wa Ijumaa,
Mohoro, Rufiji.
14 Agosti, 2005.

Mpendwa mdogo wangu Hemedy,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hamburg, wewe na wifi yangu Hanifa na huyo mgeni wetu aliyemo tumboni. Miguu ya Hanifa imeacha kuvimba? Mwambie apunguze chumvi na asibebe ndoo za maji, ingawa sijui kama huko mna ndoo. Sisi huku hatujambo. Mama bado yumo katika eda ya Baba. Anakula kidogo, analala kidogo, lakini anaswali kwa kusimama na hataki kusaidiwa. Mimi nina mafua tu, ya vumbi la chaki.

Mpunga mwaka huu umetutupa mkono, ila mahindi ya mabondeni yanaridhisha. Wewe hujaliona daraja la Ndundu. Ulipoondoka Baba alikusindikiza mpaka kwenye pantoni, mkasubiri nusu siku nzima, naye akarudi akisema alau kapata muda wa kukutazama. Siku hizi mtu anavuka Rufiji amelala kwenye basi, hata hajui kama kavuka.

Msikitini sasa, mahali pa Baba, anaadhini Mahamudu, mtoto wa jirani yetu. Ni kijana mzuri na ana bidii, Mungu amlipe. Lakini sauti yake inaanza juu kisha inaishiwa njiani, na kila alfajiri mimi humalizia kimoyomoyo.

Sasa nije kwenye lile lako la laptopu uliyomtumia Baba, maana najua hapo juu umepasoma kwa kurukaruka.

Uliniandikia kwamba sauti ikikosekana kwenye huo mfumo wako wa Linux nisihangaike, ni jambo dogo. Hemedy, jambo dogo lako limenikondesha. Kwanza nilipandisha sauti kwa vile vitufe vya juu. Kimya. Nikafungua ule ukurasa mweusi, nikaandika alsamixer kwa herufi ndogo zote kama ulivyosisitiza, vikatokea vile vinguzo vyako vya rangi. Chini ya kimoja palikuwa na MM, ambayo ulisema ni alama ya kuzibwa sauti. Nikabonyeza M, ikageuka sifuri mbili, nikajipigia makofi peke yangu. Kimya. Nikaliingiza jina langu kwenye kile kikundi cha watu wanaoruhusiwa kutumia sauti, na hapo niliudhika: yaani kompyuta ndiyo inayoamua nani katika nyumba hii amsikie baba yake? Nikazima, nikawasha. Kimya.

Ungeniambia nikunakilie tu adhana ya Baba bila kusikiliza, ningefanya siku ile ile. Lakini Baba alijirekodi mara nyingi kwa ombi lako, na nyingine zimekatika katikati. Uliponieleza kwamba unataka mtoto wako akizaliwa aadhiniwe katika sikio la kulia kwa sauti ya babu yake, nililia mbele ya darasa la nne mpaka monita akanifutia ubao. Mtoto huyo hawezi kupewa adhana iliyokatika. Ilikuwa lazima nisikilize, nichague moja iliyo kamili, tena kabla Hanifa hajajifungua. Nami nilitaka kusikia, sikufichi.

Kilichonitisha zaidi ya kimya chenyewe ni kwamba faili lilikuwa linacheza. Ile mistari ya kijani ilipanda na kushuka, na mimi niliyekuzwa na adhana ile niliitambua kwa macho. Hapa anavuta. Hapa anapumua. Hapa ndipo koo lake hukwaruza kidogo. Baba alikuwa anaadhini mbele yangu, nami nimekaa pale kama kiziwi, nikifuata kwa kidole kwenye kioo.

Tena kulikuwa na harufu. Kila laptopu ilipowaka kwa muda ikapata moto, chumba cha Baba kilianza kunuka kafuri. Unajua kwetu kafuri ina kazi gani kwenye maiti. Mara ya kwanza nilifikiri ni kabati. Nikatoa nguo zote za Baba nikazianika uani, nikarudi, nikawasha, harufu ile ile. Mama alikuwa akiisikia anaondoka chumbani, nami sikumwuliza. Kuna maswali mtu hayaulizi akiwa ndani ya nyumba aliyofia baba yake.

Basi nikaifunga kwenye khanga nikaenda nayo Kibiti kwa Bwanaheri, fundi anayetengeneza redio na sasa kompyuta pia. Akaigeuza huku na huku, akaguna.

“Dada, ugonjwa wako ni hii Linux,” akaniambia. “Tunafuta yote humu, tunakupigia Windows. Utasikia mpaka mbu akipita.”

Nikamwuliza vilivyomo ndani vitakuwaje.

“Vya zamani vitaondoka, lakini sauti itakuwepo.”

Fikiria, Hemedy. Sauti itakuwepo, ila siyo ya Baba! Alikuwa tayari ameshaingiza sidii yake. Niliinyakua laptopu mezani pake hata sikuifunika vizuri, watu dukani wakadhani namkwapulia. Sidii yake ninayo hadi leo, imo ndani. Nitamrudishia nikipita, na samahani yake.

Uliponipigia simu Alhamisi ukaniuliza kama kuna kitu kimechomekwa kwenye tundu la hedifoni, kwamba kompyuta za zamani zikihisi kitu mle zinafunga spika zake, nilikucheka. Hedifoni zenyewe hatuna. Ukasema nimulike kwa tochi, ndipo simu ikakatika. Sikukupigia tena, nawe lazima ulikasirika. Nilimulika, Hemedy. Nikaona kitu cheupe.

Nilikivuta kwa pini, taratibu, kikatoka kizima. Ilikuwa njiti ya kiberiti iliyoviringishiwa pamba, ikakazwa, ikashindiliwa mpaka mwisho. Ile pamba ilikuwa imelowekwa kafuri. Nilipoinua macho Mama alikuwa amesimama mlangoni.

“Irudishe,” akasema.

Hapa inanibidi nikueleze jambo tulilokuficha, kwa kuwa ulikuwa mbali na ulikuwa unalia peke yako. Siku ya pili ya matanga, saa nne asubuhi, nyumba imejaa, Mohamedi wa baba mdogo aliifungua hiyo laptopu ili awaonyeshe wazee picha yako na Hanifa. Akabonyeza kitufe sicho. Adhana ya Baba ikatoka. Ilitoka dirishani kwa sauti ndogo, lakini matangani watu hunong’ona, basi ikafika barazani. Mzee Mtoro akainuka akaulizia kata ya maji atawadhe. Wengine wawili watatu nao wakaanza kukunja mikono ya kanzu, saa nne ya asubuhi, hakuna swala. Kisha kila mmoja akakumbuka aliyekuwa akiadhini ni nani, na tulikuwa tumetoka kumzika jana yake. Wakabaki wamesimama hivyo hivyo, mikono imekunjwa. Ndani wanawake walipiga mayowe. Mohamedi akaufunga mfuniko, akatoka, akakaa nyuma ya nyumba mpaka jua likazama. Nami nimemlaumu muda wote huu kwamba yeye ndiye aliyeiharibu.

Kumbe ni Mama. Aliniambia pale pale mlangoni, wala hakuona haya.

“Baba yenu nimemwosha kwa mikono yangu,” alisema. “Tumemziba, tumemvika, tumemzika kama inavyotakiwa. Halafu naisikia sauti yake imebaki nje, inaita watu. Mtu gani atalala hivyo? Pamba ilikuwa imebaki kidogo, nikaichukua. Nikaiziba nayo, ipate kupumzika na mwenyewe.”

Nikamwambia, “Mama, hii ni mashine tu.”

“Weye ulikuwepo wakati wazee wanainuka? Mashine inainua watu?”

Mimi ni mwalimu, najua kueleza sauti inavyosafiri hewani, nimeifundisha. Lakini nilikuwa nimeshika ile njiti mkononi, na sikuthubutu kuitupa.

Nikamweleza habari yako. Hatukuwa tumemwambia kwamba Hanifa ana mimba kubwa hivyo, wala kwamba unaitaka adhana kwa ajili ya mtoto. Akaingia, akaketi kwenye kile kitanda cha Baba, akajifunika ushungi vizuri kama anayetarajia mgeni.

“Icheze,” akasema.

Hemedy, ilitoka. Nilikuwa nimekwisha kupandisha vinguzo vyako vyote mpaka juu, basi ilitoka kwa nguvu, na chumba kilikuwa kinanuka kafuri, na mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Si sauti ya kwenye redio. Alikuwa mle chumbani. Nilisikia hata mate anavyoyameza kabla ya kuanza. Mama alikuwa anaitikia kila tamko, midomo inacheza, kama alivyofanya maisha yake yote akiwa jikoni. Nililia kwa uchungu, na nilikuwa na hofu, na nilikuwa na furaha vile vile, sijui vinawezaje kukaa pamoja.

Ilikuwa kamili, haikukatika. Nikanyoosha mkono niizime. Ndipo Baba akakohoa, akasema. Hayo tulikuwa hatujapata kuyasikia, kwa sababu alijirekodi peke yake, baada ya Mohamedi kumwonyesha pa kubonyeza. Nakuandikia neno kwa neno, nimerudia kusikiliza ili nisikosee:

“Hemedy, hii ya kujaribia tu, nione kama chombo chako kinashika. Mtoto usimwekee hii. Mtoto haadhiniwi na sanduku. Mjukuu wangu nitakuja kumwadhinia mwenyewe, inshallah. Nisubirini.”

Basi. Pakawa na mlio wa kiti, na ikafika mwisho.

Unakumbuka alivyokuwa ameshapiga picha za pasipoti, tukamtania kwamba Wazungu watamwogopa. Alikuwa amekusudia kweli. Sisi tulifikiri ni maneno ya mzee.

Mama hakulia. Aliniuliza, “Kasema atakuja?”

“Ni maneno ya zamani, Mama. Ya wakati wa masika.”

“Sikukuuliza ya lini. Kasema atakuja?”

Nikamjibu ndiyo, kasema.

Tangu siku hiyo Mama hakomei mlango wa mbele. Anaurudishia tu. Wewe unajua baba yetu hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Akikwambia atakuja Jumanne, alikuja Jumanne hata kama mto umefurika na pantoni imezuiwa. Ningependa nikuandikie kwamba nimemcheka Mama na kumwelewesha. Ukweli ni kwamba hata mimi nikipita usiku kwenda kunywa maji nauona mlango hauna komeo, na siuwekei.

Adhana yenyewe nimekutilia kwenye flash, pamoja na maneno yale. Nimempa Bashiru, anayesafiri kuja huko mwisho wa mwezi, nami nimemwapisha aibebe mfukoni, asiitie kwenye begi. Isikilize wewe, peke yako, ukiwa umekaa. Mtoto usimwekee. Mwenyewe amekataza.

Mohamedi anakusalimu sana, nimemwomba radhi naye amenisamehe kwa sharti la sahani ya pilau. Mzee Mtoro anakusalimu, na anauliza kama huko jua linazama upande huu huu. Mahamudu naye anakusalimu. Nisalimie Hanifa, mwambie wifi yake anamwombea ajifungue salama, bila kisu na bila homa, na Mungu amfanye mtoto awe kitulizo cha macho yenu. Awalinde katika nchi ya watu, awarudishe kwetu mkiwa wengi kuliko mlivyoondoka.

Mama amekaa hapa pembeni yangu ninapoandika, na amenitaka nikutilie maneno yake haya ya mwisho, nisiyapunguze wala nisiyapambe. Anasema mtoto akitoka tu, hata kabla hajafutwa, umchukue wewe mwenyewe, uweke mdomo kwenye sikio lake la kulia, umwadhinie. Anasema sauti unayo, ni ile ile, na kama hujaadhini tangu uondoke Mohoro hiyo si hoja. Anasema ufanye upesi, wala usimngoje baba yako. Ukichelewa atakuja kutimiza ahadi yake, na huko kwenu ni baridi, na sisi tumemvika sanda tu.

Dada yako akupendaye, anayekuwaza kila adhana,

Waride