Leo Mwanaidi Amenichukulia Watu Wangu

Jumamosi, jioni. Jua limetuchoma tangu saa tatu asubuhi, vumbi la uwanja wa shule bado liko kooni, na mimi, MC Radi wa Nsemulwa, nimekaa mlangoni kwangu naloweka miguu kwenye beseni.

Nina wivu.

Naandika wazi, maana nyie mnaosoma hapa mmezoea kunisikia nikijisifu. Na sifa ninazo. Shule niliishia kidato cha pili, lakini dunia nimeitembea: Kigoma, Tabora, Dar miaka miwili, mpaka Lubumbashi kwenye harusi ya mtu nisiyemjua. Mpanda hii hakuna bibi harusi ambaye sijamchekesha mpaka kope za bandia zikabanduka.

Leo ilikuwa tamasha la sanaa la mtaa. Jukwaa langu, spika mbili kubwa kama makabati, mabenchi yamejaa. Upande wa pili wa uwanja, kwenye baraza la darasa, meza moja, pampu ya mkono, maputo marefu, na Mwanaidi.

Mwanaidi ni binti wa mama mwenye duka la vitenge pale sokoni. Mtu mzima, kanizidi kama mwaka. Ana usonji. Hakuangalii usoni, salamu yako anaweza akaijibu baada ya dakika tano, na kelele zinamuumiza kweli, kama wewe unavyoumia ukibanwa kidole na mlango. Hayo mama yake aliniambia asubuhi kabisa. "Baba, nakuomba, huo muziki uwe chini chini." Nikamjibu, "Mama, ondoa shaka."

Nilijisemea, maputo, mambo ya watoto hayo.

Kumbe Mwanaidi hatengenezi ng'ombe tu. Anatengeneza ng'ombe WAKO. Mfugaji mmoja wa Kisukuma, jamaa mrefu na fimbo yake, aliomba ng'ombe. Akaulizwa: pembe zinaangalia wapi? Baka liko upande gani? Jamaa akaanza kusimulia kama anamsifia mchumba. Mwanaidi anakunja, anazungusha, maputo yanalia kwii kwii. Mkia bado, jamaa ameshamnyakua ng'ombe wake, anaruka, "Ndiye huyu bhana! Na pembe yake iliyovunjika!"

Mabenchi yangu yakaanza kuhama. Nikatoa kile kichekesho cha Lubumbashi, ambacho hakijawahi kuniangusha. Alicheka muuza karanga peke yake, tena nadhani kwa vile nilikuwa nimemuungisha.

Sasa hapa ndipo pagumu.

Nilipandisha sauti ya spika. Nilijua. Nilijidanganya kwamba kikundi cha ngoma hakisikiki, wakati kikundi chenyewe kilikuwa kimekaa kinakula mihogo.

Mwanaidi aliachia puto, akaziba masikio, akaingia darasani na kufunga mlango. Jamaa wa ng'ombe akanigeukia mimi.

"We MC, nyamaza! Ng'ombe wangu hana mkia!"

Utani ulinijia mdomoni, mzuri kweli. Nikaumeza. Nikachomoa waya.

Nilivuka uwanja kwenda kuomba msamaha, mama yake akanizuia kwa mkono. "Mwache kwanza."

"Mama, nilijua."

"Najua kwamba ulijua."

Tukakaa barazani kimya, nusu saa nzima, mimi na mdomo huu. Tangu mtihani wa hesabu wa kidato cha pili sijawahi kukaa kimya hivyo.

Alipotoka hakumwangalia mtu. Akamalizia mkia. Foleni ikarudi, na mimi nikajipanga kama raia wengine. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Dada, samahani. Nilipandisha sauti."

"Mara mbili," akasema.

Ni kweli. Ilikuwa mara mbili.

Nikaomba simba. Akauliza, "Umemwona?" Nikajibu nimewaona wengi sana, si niko Katavi, penye hifadhi? "Manyoya ya shingoni yanaishia wapi?" Nikababaika, nikashika shingo yangu mwenyewe kama vile jibu liko huko.

"Hujamwona," akasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Kicheko kikubwa kuliko vyote vya leo, na hakikuwa changu. Hicho kimeniuma kuliko foleni.

"Unajua nini vizuri?" akauliza.

"Maiki," nikasema.

Akanikunjia maiki ya puto, nyeusi, na karibu na swichi akafunga kipande chekundu. Jamani. Hiyo ni ile selotepu nyekundu niliyofichia ufa, maiki yangu iliponidondoka kwenye harusi. Rafiki zangu hawajawahi kuiona. Yeye, niliyedhani hajanitupia jicho hata mara moja, ameiona kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Hii haipigi kelele," akasema, akaita mtu wa nyuma yangu.

Iko hapa dirishani. Imeshaanza kunywea.

Kesho tamasha linaendelea. Nilimuuliza mama yake kama watakuja, akajibu, "Tutaona atakavyoamka." Naomba waje. Nitafika mapema nizigeuzie spika upande wa barabara, na nisiziwashe kabisa akiwa mezani. Nitawaambia watu kwa mdomo mtupu waende kwake wakamwambie ng'ombe wao wanafananaje.

Na wivu wangu nitaenda nao, sitadanganya. Nitaukalisha benchi la mbele. Nafasi itakuwepo.