Wanakosea Makusudi Ili Wagombezwe na Mama Mkwe

Mpendwa Bude Kenes, shangazi yetu wa ushauri, naomba msaada, ila cheka kwanza umalize ndipo unijibu. Mimi ni mwalimu wa Kijava katika shule ya msingi hapa Wonogiri, na kwa kuwa watoto wa siku hizi wanaongea Kiindonesia tu, hata kuwasalimia bibi zao kwa heshima wanashindwa, nikabuni mchezo wa Kijava cha heshima kwenye vishikwambi, ukipatia unapongezwa kwa sauti yangu, ukikosea unagombezwa na mama mkwe wangu, Mbah Saminem, muuza pecel, zile mboga za mchuzi wa karanga, sokoni, niliyemrekodi kwa ridhaa yake, naye akamwaga: “We mtoto! Bibi yako unamkaribisha chakula kama unafukuza bata? Pecel yangu leo huionji!” Basi Bude, darasa zima linakosea makusudi, Bagas anayejua kila jibu anapata sifuri huku anagaagaa sakafuni kwa kicheko, na Jumamosi wakaguzi wa wilaya wanakuja, watoto wakifeli mbele yao mchezo unafutwa, nami nataka kuitoa sauti ya mama, lakini ameshashona kebaya mpya, blauzi ya sherehe, ametangazia soko zima kwamba yeye ndiye anayefundisha, nikimwambia namvunja moyo, nikinyamaza tunaaibika, nifanyeje?

Bu Hartati, Wonogiri

Bu Hartati, pole, chai yote imenimwagikia. Ila na wewe! Sukari umeiweka upande wa makosa, halafu unashangaa watoto wanakimbilia huko? Nani alikudanganya kwamba pongezi zako ni tamu kuliko ulimi wa muuza pecel?

Mama mkwe wako hajasema uongo. Anayefundisha ni yeye, wewe unawalaza. Kwa hiyo usimtoe, mhamishe. Anayekosea akusikie wewe ukimsomea kanuni taratibu, mpaka mwisho, bila kitufe cha kuruka. Anayepatia ndiye akutane na Mbah: “Heh! Nani kakufunza adabu hivi? Njoo ule, usinimalizie karanga tu!”

Kesho nenda sokoni wateja wakishapungua, umweleze ukweli wote, na kwa Kijava cha heshima, mwalimu mzima wewe. Mwambie watoto wanampenda mpaka wanakataa kufaulu, na unahitaji akurekodie makaripio mapya, ya wanaopatia. Moyo hautavunjika hata kidogo. Atauliza tu anaanza saa ngapi.

Kebaya avae. Jumamosi mketishe mbele kabisa, wakaguzi wakae nyuma yake. Na huyo Bagas usimhofie. Akimwona Mbah mwenyewe, ana kwa ana, majibu yote yatamrudia.