Vaisi ya Kuzunguka kwa Shingo ya Mama

Mtaa wa Mowlem,
Nairobi.
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa Khocha Phares, mjomba wangu,

Kabla hata sijakusalimu, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: najua kufunga flai. Si kushikashika tu. Nafunga kidudu kizima cha manyoya juu ya ndoana, kuanzia mkia hadi kichwa, kile ambacho samaki akikiona anadhani ni nzi wa kweli. Kisha nakificha ndani ya soksi ya shule, kwa sababu Mama ameapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeketi kwenye meza ile anayofungia flai za kuuza.

Sasa salamu. Mgongo wako na baridi ya Kanada vinapatana? Auntie Shirleen naye, mtoto anamwacha alale? Huku sote tuko wazima. Mdogo wangu Seth ameng'oka jino jingine, na sasa pengo lake linapiga mluzi hata wakati wa sala.

Juzi ulimpigia Mama ukamwuliza umletee nini Krismasi. Akakujibu, "Jilete tu wewe." Mimi nilikuwa naosha vyombo na jibu nilikuwa nalo, lakini unanijua, maneno yangu huishia kooni. Simu nayo ni yake. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mjomba, mletee vaisi ya kuzunguka.

Ile yake ya zamani unaikumbuka, imebana ukingo wa meza na kushika ndoana tuli. Haigeuki. Kwa hiyo kila akizungusha uzi, Mama huinamisha shingo achungulie upande wa pili, anarudi, anazungusha, anachungulia tena. Amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Sasa shingo imebaki hukohuko. Kwaya ikisimama kuimba, yeye kichwa kiko upande, na kuna akina mama wanaosema anaringa. Nikimwita, hugeuka mwili mzima.

Na hajawahi kulalamika. Natamani ungekaa kando yake kama mimi, ambaye nimekuwa nikimpa manyoya tangu darasa la pili. Mkono wake wa kushoto, ule ambao Kukhu, mama yenu, alijaribu kuurekebisha utotoni akashindwa, unachota nywele chache za mkia wa paa bila kupima, na kila flai inatoka pacha wa mwenzake. Kule karakana mkaguzi huchambua kazi ya kila mtu. Akifika kwa Mama anapita tu. Mimi naona hiyo ni akili ya kiwango cha juu sana, ila yeye huiita "hii kazi tu."

Vaisi ya kuzunguka nimeijulia kwa Clare, yule anayefanya kazi naye. Alikwenda Busia kwenye matanga akaiacha kwetu. Mama hajaigusa, eti ni ya watu wa kucheza. Mimi nimeigusa, kila akienda mazoezi ya kwaya. Siku ya kwanza nilibana ndoana vibaya, nikazungusha, ikayumba kama mlevi wa Dandora. Baadaye nikaelewa: mgongo wa ndoana lazima ulale sawasawa na mhimili wa vaisi. Ukipatia, inazunguka papo hapo kama kuku wa kuchomwa kwenye dirisha la hoteli. Unashikilia unyoya, mkono mwingine unazungusha kishikio, na unyoya unajivika wenyewe. Ukitaka kuona upande wa pili, unageuza flai. Shingo inabaki mahali pake.

Ukienda dukani usidanganywe na kung'aa. Bana ndoana ndogo kabisa, uibonyeze kwa kidole. Ikiteleza kwenye meno ya vaisi, iache. Zungusha polepole usikilize kama inasaga, halafu uone kama inatulia pale unapoiachia. Chagua ya kubana ukingo wa meza, si ya kusimama juu ya sahani nzito ya chuma, meza yetu unaijua inavyoyumba. Kishikio cha Clare kimenikalia vibaya kidogo, lakini nimezoea.

Ninachoogopa ni kwamba ukimletea bila kumwandaa, ataifunga kwenye leso aiweke kabatini, aendelee kuchungulia.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi. Siku nyingine ningeusukuma ukurasa huu chini ya kitabu cha Kemia. Leo nauacha hapa mezani. Flai nayo naitoa kwenye soksi, naiweka juu yake.

Nimerudi, mjomba. Mama amesoma yote akiwa amesimama, Biblia bado kwapani. Akaniuliza, "Kwani shingo yangu inaonekana hivyo?" Akachukua flai akaipeleka dirishani, akaitazama hadi nikatamani kulia.

"Uzi umezunguka kwa mkono wa kushoto, kama wangu," akasema. "Na wewe huandika kwa mkono wa kulia."

"Nilikuwa nakuangalia wewe." Hilo lilitoka, sijui kwa sauti ya nani.

Akaketi mbele ya vaisi ya Clare, akaibana flai yangu, akazungusha. Tumbo la flai likaja juu, kisha mgongo, kisha tumbo tena. Kichwa chake hakikusogea. Akazungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Halafu: "Na Kemia umesoma?" Papo hapo akaongeza, "Hii ni ya watu wa mkono wa kulia. Mwandikie Phares kishikio kiwe upande wetu."

Nimeandika kama alivyotamka, neno kwa neno.

Nisalimie Auntie Shirleen, umbusu mtoto shavu lile lenye kishimo. Kukhu alipiga simu kutoka kijijini, anakusalimu na kuuliza kama huko unapata ugali. Mungu akulinde kwenye theluji na akulete mlangoni petu ukiwa mzima.

Mimi mpwa wako, ninayekupenda kwa mikono yote miwili,

Nekesa