Jina Nililomwekea Mama Spesioza Mdomoni

Jumatano. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa ni saa kumi jioni haijaamua kukatika. Ukungu umeifunika Ngara yote. Kutoka dirisha hili la ofisi sioni hata migomba ya jirani, nasikia tu majani yake yakipigwa.

Sijui kama kuna mtu anayesoma hapa. Ukurasa unaniambia jana ulitembelewa na mtu mmoja. Naogopa mtu huyo ni mimi, nilipoufungua kwa simu kuangalia kama kuna mtu.

Basi naandika tu. Nimefanya kosa na sina wa kumweleza.

Kazi yangu ni kuandika maneno chini ya video. Wakimbizi wa Burundi wanaorudi kwao hupitia kituo cha mpito hapa wilayani, na kabla hawajapanda magari, anayetaka hurekodiwa ujumbe wa kuwatangulia nyumbani. Mimi nakaa na spika masikioni. Nasikiliza, nasimamisha, naandika, narudisha nyuma. Kirundi chao na Kihangaza chetu vinaelewana, ndiyo maana nilipewa kazi hii nikiwa na shahada ya kitu kingine kabisa. Deo, mpiga picha wetu, ananiita Sista kwa sababu naweza kumaliza siku bila kufungua mdomo. "Sista, leo mfungo wako unaisha saa ngapi?" Nacheka kidogo, narudisha spika masikioni.

Nawajua watu hawa kwa namna wanavyovuta pumzi kabla ya kusema. Wao hawanijui.

Mama Spesioza alikuja wiki iliyopita. Alikimbilia Ngara akiwa mke kijana, mumewe akafia katika kambi iliyokuwa hapa zamani, na kambi ilipofungwa yeye akahamishiwa Kigoma. Sasa anarudi kwao, na alikuwa na ombi moja tu: apelekwe kwanza kwenye kaburi la mumewe, arekodiwe akiwa hapo. Deo alimpeleka kwa gari la ofisi. Ukiangalia video utamwona ameketi chini kwenye majani, mkono mmoja juu ya kaburi, anazungumza na shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye boma la familia. Anamwambia: huyu hapa ndugu yako, nimemtunza nilivyoweza. Sasa narudi. Kuna mahali pangu?

Hilo ndilo swali lote. Mwenye kulijibu ni mmoja, naye hasikii. Shemeji alikuwa mwalimu, masikio yamekufa na uzee, lakini anasoma. Kwa hiyo maneno yangu ya chini hayakuwa nyongeza safari hii. Yalikuwa ndiyo sauti ya Mama Spesioza.

Nililijua hilo. Ndiyo maana nilitumia siku mbili kuchagua programu, kama mtu anayechagua sanda.

Ya kwanza ilikuwa ile ya mtandaoni inayosikiliza yenyewe na kuandika. Ilimaliza bando langu kisha ikaniletea maneno ambayo hayapo katika lugha yoyote ninayoijua. Mama Spesioza alipolia, yenyewe iliandika: muziki. Nikaifunga.

Ya pili ilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Ya bure, ya kijivu, sura yake kama fomu ya halmashauri. Kila mstari una saa ya kuingia na saa ya kutoka, na maneno yanakaa kwenye faili lake mbali na picha, unaweza kuyarekebisha hata baada ya mwaka. Niliiona ngumu. Kusema kweli niliiona mbaya.

Ya tatu ilikuwa kwenye simu. Herufi za njano zenye ukingo mweusi, nzuri sana. Unaandika, unabonyeza, maneno yanagandana na picha yanakuwa kitu kimoja. Faida yake ni kwamba kijana mjukuu wa shemeji, anayempokelea ujumbe, angeweza kuifungua kwenye simu yoyote bila kuhangaika na mafaili mawili. Hasara yake sikuitafuta. Nilichagua hiyo.

Ilikuwa na tabia moja. Mstari ukizidi urefu, inapunguza herufi hadi zinakuwa kama sisimizi. Na Mama Spesioza, kila alipomtaja baba mkwe wake, aliyewaachia wanawe lile boma, alisema kwa Kirundi kirefu: yule aliyemzaa mume wangu. Mara tatu. Mara zote tatu herufi zikawa sisimizi. Nikafikiria macho ya mzee. Nikafungua fomu ya usajili, nikaona jina la baba mkwe, neno moja fupi, nikaliweka mahali pa maneno yale marefu.

Herufi zikarudi kuwa kubwa. Niliridhika sana.

Simu ilikuwa imejaa, nikafuta video ya awali. Kadi ya kamera nayo ilishafutwa, ndiyo taratibu yetu ya kila Ijumaa. Ikabaki hiyo yenye maneno ya njano.

Jana Mama Spesioza alikuja kuiona kabla haijatumwa. Nilimpa kiti changu, nikasimama nyuma yake. Anasoma polepole, kwa kidole, midomo ikifuata. Kidole kilipofika kwenye jina kilisimama. Niliona mgongo wake ukinyooka.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Ni maneno yako, mama."

"Haya siyo yangu."

Nikaanza kueleza habari za urefu wa mstari na herufi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama niko mbele ya darasa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, jina hili sijalitamka tangu nilipoolewa. Hata kambini, hata kwenye fomu, aliyelisema ni kijana wangu, mimi nilikaa pembeni. Shemeji hasikii. Ataona mdomo wangu unacheza, na chini yake jina la baba yake. Nani atamwambia sikulisema?"

Deo alidhani anasaidia. "Lakini mama, siku hizi nani anajali hayo? Ni maandishi tu."

"Wewe una mke?"

"Bado, mama."

"Basi subiri kwanza."

Deo alitoka nje kwenda kuangalia mvua. Mama Spesioza alinigeukia tena, wala hakupaza sauti. "Atasema kambi imenimaliza hadi adabu. Atasema huyu siye aliyeondoka. Na akisema hivyo, mimi nashuka kwenye gari naenda wapi?"



Kinachonichoma ni kwamba nilijua. Mimi ni mtoto wa Rulenge, hapa hapa Ngara. Mama yangu hajawahi kulitaja jina la baba mkwe wake, na si jina tu. Kwa vile linafanana na neno la mvua la kwetu, mama hasemi mvua, si kwa Kihangaza wala kwa Kiswahili. Anasema maji ya juu. Nimekua nikisikia maji ya juu yanakuja, anua maharage yaingie ndani. Chuoni niliwasimulia wenzangu bwenini kama kichekesho, wakacheka, nikacheka kuliko wao. Halafu nikajifunza kuandika mstari mfupi, unaosomeka haraka, usiomchosha mtazamaji. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kuzunguka kwa makusudi, na kwamba ule mzunguko ndio wenyewe aliokuja kuusema.

Nilimpigia mama jana jioni. Nilitaka kumweleza yote. Badala yake nikamuuliza babu mzaa baba aliitwaje.

"Muulize baba yako," akasema, nikamsikia akitabasamu. "Kuna nini? Unakula vizuri?"

Nikasema nakula. Akasema maji ya juu yamewazidi, barabara ya shambani haipitiki. Nikasema na huku pia. Tukaagana.

Mara nyingine naishia kwenye kusema nakula.

Kurekodi upya kusingewezekana. Gari la ofisi limekwama Nyakanazi tangu juzi linasubiri kipuri, na kaburini hakufikiki kwa miguu. Magari ya wanaorudi yanaondoka kesho asubuhi. Leo nimefika ofisini mapema nikafungua ile programu ya kijivu niliyoidharau. Video ilikuwa ile ile, jina limeshaganda humo. Nilichoweza kufanya ni kuweka kipande cheusi juu ya maneno ya njano, kisha juu ya weusi huo kuandika upya kwa faili la pembeni. Mara mbili za mwanzo ilikubali bila shida, kilichofunikwa kilikuwa majani na pindo la kitenge.

Mara ya tatu ilikuwa ni mkono.

Hapo ndipo anaposema, yule aliyemzaa mume wangu alinipokea, na huku mkono wake unang'oa majani juu ya kaburi. Unang'oa taratibu, jani moja moja, unayaweka pembeni kama mboga anazokwenda kupika. Ni mahali pazuri kuliko pote katika video hiyo. Naamini nimepaangalia mara arobaini. Nilijaribu kupunguza kipande cheusi, jina likachungulia. Nikakipanua, mkono ukapotea wote.

Alikuja saa nne, kanga imelowa mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamwonyesha vipande vyote viwili, chembamba na kipana. Nikamwambia ukweli: hili ni kosa langu, siwezi kulitoa, naweza kulifunika tu, na nikilifunika nafunika na mkono wako.

Aliangalia muda mrefu. Nilitamani anikaripie.

"Funika," akasema. "Mikono yangu anaijua. Nimempikia tangu naolewa hadi tunakimbia. Funika."

Nikafunika mbele yake. Akasoma mistari yote kwa kidole, ile mirefu, mpaka mwisho, akasema, "Ego." Ndiyo. Kisha akaniuliza mimi naitwa nani, kwa sababu shemeji atataka kujua nani ameandika. Nikamwambia. Akalirudia jina langu mara mbili, polepole, kama anayeonja chumvi.

Tangu Jumapili, kanisani, hakuna mtu aliyekuwa amelitaja. Hata huyo wa kanisani alikuwa anamwita mwingine.

Nilijifanya natafuta waya chini ya meza.

Saa sita nilituma, video na faili lake, na maelezo ya kumsaidia yule kijana kuvifungua pamoja. Mama Spesioza alirudi kituoni kufunga mizigo. Deo akaenda kula, akanialika, nikasema baadaye. Nimekaa na simu juu ya meza tangu hapo. Ndiyo maana nilianza kuandika hapa, ili mikono iwe na kazi.

Nilitaka kumalizia kwa kuahidi mambo. Kwamba sitafuta tena video ya awali kabla mwenyewe hajaiona. Kwamba nitatumia ile ya kijivu na kuizoea. Kwamba mtu akizunguka, nami nitazunguka naye, herufi ziwe sisimizi au zisiwe. Nayaahidi bado.

Lakini simu imetoa mlio wa ujumbe hapa katikati ya kuandika.

Ni yule mjukuu wa shemeji. Ameandika: "Babu amesoma yote. Anauliza, pale palipo peusi kwa muda mrefu, bega la mama linacheza. Mkono unafanya nini?"

Nimeisoma mara nyingi. Mzee asiyesikia, huko mlimani kwao, ameona bega. Sasa mkono ule hauonekani popote duniani bila jina lile juu yake, na anayeweza kuusimulia, ukimwondoa mwenyewe na Deo, ni mimi niliyeufunika. Sikutafuta maneno mafupi. Nimemwandikia: mwambie babu, anang'oa majani juu ya kaburi la mdogo wako, jani moja moja, anayaweka upande wake wa kushoto, na akishamaliza anapangusa udongo kwa kiganja kama mtu anayepangusa kitanda.

Dakika zikapita. Nikahesabu matone kwenye bati lililotoboka karibu na mlango.

Ikaja: "Babu analia. Anasema mwambie aje. Chumba cha mdogo wake hakijawahi kupewa mtu."

Sina namba ya Mama Spesioza. Hana simu. Deo hayupo. Ofisi nzima ni mimi na kompyuta inayonguruma.

Kutoka hapa hadi kituoni ni mwendo wa karibu saa moja kwa miguu, na njia ni tope tupu. Ningeweza kusubiri kesho, nimwahi kabla magari hayajawashwa. Lakini kuna mtu anafunga mizigo sasa hivi bila kujua kama ana pa kuishushia.

Nafunga kompyuta. Hili sitaliandika chini ya picha yoyote, nitakwenda kumwambia kwa mdomo wangu.

Nje, maji ya juu bado yanamwagika.